Maswali ya wasomaji: Gari la kifahari lenye mbio lina roho?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Kijiweni tunabishana. Mwenzangu anasema gari la kifahari likishajazwa nguvu linakuwa mashine ya kujionyesha tu, na kwamba roho wamebaki nayo wenye magari madogo mepesi. Mimi ni mpenzi wa BMW M5 na naona anaonea. Mtuamulie.

JIBU: Mwenzako ana hoja, ila hukumu yake ni pana mno. Watu wanaposema gari lina roho, wanazungumzia jambo linaloshikika: dereva anapata habari za barabara na za injini kupitia mikono, mgongo na masikio, na gari linamwitikia papo hapo. Anasa inavuta upande wa pili. Kioo cha tabaka mbili, bushi laini (zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari) na zulia zito vimewekwa ili habari hizo zisimfikie mtu. Ugomvi huo upo tangu gari linachorwa, na roho yake inategemea mhandisi aliacha njia ipi wazi.

Chukua hiyo hiyo M5. Ya mwaka 1998 hadi 2003, inayoitwa E39, ilikuwa na V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 4.9 isiyo na turbo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini), nguvu za farasi 400 na gia sita za mkono. Otomatiki haikuwekwa kabisa. Kila silinda ilikuwa na kilango chake cha hewa, kwa hiyo ukigusa mafuta injini haisubiri. Usukani wake, tuseme ukweli, haukuwa wa kusifiwa: ulitumia boksi la mtindo wa zamani kwa kuwa V8 ilikula nafasi ya reki, ule mtambo wa usukani wa magari mengi ya sasa. Hata hivyo wanaoijua hawaiachi. Njia moja ikiwa wazi sawasawa, dereva husamehe nyingine.

M5 iliyotoka 2011 ilipata turbo mbili na farasi 560, ikafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4.4, wakati E39 ilihitaji 5.3. Kwa saa ya kupimia, imeshinda. Lakini sehemu ya mlio wa injini ilipitishwa kwenye spika za redio, na hapo ndipo wengi walipohisi wanadanganywa. Ya 2024 ni haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) yenye farasi 727 na uzito unaopita kilo 2,400. E39 ilikuwa karibu na 1,800. Kwetu sisi uzito ni tatizo kubwa kuliko turbo. Gari zito linadai springi ngumu, matairi mapana na kompyuta za kuzuia bodi isilale kwenye kona, na kila kimoja kinafunika ile dakika ambayo tairi linakuambia kuwa linakaribia kuachia.

Atakayekuambia kwamba anasa na roho havikai pamoja, mtajie Lexus LFA. Yalitengenezwa magari 500 tu, kati ya 2010 na 2012, yenye V10, injini ya silinda kumi, ya lita 4.8. Injini hiyo ilipanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika kwa sekunde 0.6, upesi ambao mshale wa kawaida usingeweza kuufuata, ndiyo maana dashibodi ikawekewa kipimo cha skrini. Yamaha walishughulikia mlio wake, ukaongozwa hadi ndani ya gari kwa njia za hewa, bila spika. Hiyo ni roho iliyopimwa na kuchongwa na wahandisi. Hakuna muujiza ndani yake.

SWALI: Kwa nini V8 ya Kimarekani au ya AMG (magari ya mbio ya Mercedes) inaguguma, na ya Ferrari inapiga kelele kali, ilhali silinda ni nane zote? Na nikikata sailensa, nitapata roho zaidi?

JIBU: Siri iko kwenye krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Za Kimarekani, na AMG nyingi, zina krankshafti ya umbo la msalaba: viwiko vyake vinaachana kwa nyuzi 90. Injini nzima inawaka kwa mpangilio sawa, ila ukisikiliza silinda nne za upande mmoja, milipuko yake haipishani sawasawa. Mingine inafuatana karibu karibu, kisha kunakuwa na pengo. Mapigo hayo yakikutana kwenye ekzosi ndipo unapopata ule mgugumo. Ferrari hutumia krankshafti bapa, viwiko vikiachana kwa nyuzi 180, na kila upande unawaka kwa zamu isiyoyumba. Mlio unakuwa mkali na wa juu, gharama yake ikiwa mtikisiko zaidi.

Magari ya karibuni yamepungua sauti kwa sababu mbili. Turbo inaendeshwa na moshi, kwa hiyo inakula nguvu ya mapigo kabla hayajafika nje. Pili, magari mengi ya petroli yanayouzwa Ulaya yamewekewa vichujio vya masizi tangu sheria zilipobanwa karibu na 2018, na kichujio kinazima sauti kama kinavyozima masizi.

Kukata sailensa ovyo hatukushauri. Kosa tunaloliona ni kuondoa na ile sailensa ya katikati. Hiyo ndiyo inayoua mvumo wa mizunguko 1,500 hadi 2,500, mwendo ule ule wa safari ndefu, na ukiitoa utaumwa kichwa ndani ya saa moja. Ukitoa katalisti, kifaa kinachosafisha moshi, taa ya injini itawaka na harufu ya moshi inaweza kuingia hadi kwenye kabini. Anza kwa kuzima mlio wa spika, kwenye mipangilio ya gari au kwa fundi mwenye kompyuta, usikilize injini yako halisi. Ikiwa bado hujaridhika, badilisha sehemu ya nyuma peke yake, tena yenye valvu inayofunga ukiwa kwenye mwendo wa kawaida.

SWALI: Nimenunua gari la kifahari la mbio lenye umri wa miaka kumi. Kila ninachosoma kinalisifu, lakini langu usukani umekufa ganzi na linayumba kwenye mabonde. Nimeuziwa gari lisilo na roho?

JIBU: Huenda umeuziwa gari lenye bushi zilizokufa. Usiliuze kabla hujafuata mpangilio huu, maana mpangilio wenyewe ni nusu ya kazi.

Matairi kwanza. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Raba iliyopita miaka sita hukakamaa hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado ndefu. Yote manne yawe ya aina moja. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, tofauti kubwa ya kina cha kashata inaumiza boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Kama gari lilikuja na matairi yanayotembea bila upepo, ubavu wake mgumu nao unachangia ganzi hiyo.

Kisha inua gari kwa jeki, uliegemeze kwenye stendi. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: likicheza, shuku tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Lishike juu na chini: likicheza, ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) au beringi. Bushi za mikono ya chini, ile inayoshikilia gurudumu, huhitaji mtaimbo wa kuzisukuma ili uone zinavyocheza. Raba ikiwa na nyufa, au ikivuja maji yake kwa bushi zenye maji ndani, imekwisha. Badilisha pande zote mbili.

Sasa makini, maana hapa mafundi wengi huharibu. Bolti za bushi zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye magurudumu. Ukizikaza likiwa limening'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote na itachanika mapema; utalaumu spea kumbe ni spana. Bushi za plastiki ngumu zinazouzwa kama dawa ya usukani tunazikwepa kwenye gari la kifahari: zinapiga kelele na baadhi hunasa.

Shokapu zinazoongozwa na umeme zirudishiwe za aina hiyo hiyo, la sivyo taa itawaka na mipangilio ya mwendo haitafanya kazi. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa vipimo, ndiyo ya mwisho, kamwe isitangulie bushi, na upewe karatasi ya vipimo vya magurudumu yote manne. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila miaka miwili kwa sababu yanafyonza unyevu, na pedali inakuwa laini ukiyachemsha.

SWALI: Na magari ya umeme je? Yameua roho?

JIBU: Yameondoa mlio na gia, yakaleta mwitikio ambao hakuna turbo inayoufikia, na betri iliyolala sakafuni inashusha kitovu cha uzito. Unapolijaribu gari la umeme usihangaike na sauti ya bandia. Kanyaga breki taratibu kutoka kilomita 60 kwa saa hadi lisimame. Mota nayo hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri; inapoachia kazi na pedi kuipokea, pedali haipaswi kubadilika chini ya mguu. Likikamata ghafla karibu na kusimama, rudia betri ikiwa imejaa kabisa, hali ambayo mota hairudishi umeme mwingi na pedi hufanya karibu kazi yote. Pedali ikiwa tofauti kabisa na ya mara ya kwanza, tafuta gari jingine.