Fildi inajenga maadili au inafundisha ujanja? Jibu langu (refu kidogo)

Mdau kauliza kama intanishipu inamjenga mtu kimaadili au inamfundisha ujanja tu, maana mdogo wake anakaribia kuanza na anaogopa atarudi ameharibika. Wengi mmejibu "inategemea na mtu mwenyewe". Sikatai, ila mi naona inategemea zaidi na aliyekaa naye meza moja. Fildi nilifanya kwenye uhasibu, baadaye nikawa naletewa wanafunzi niwasimamie, kwa hiyo nimeona pande zote mbili.

Darasani suala la maadili linakuja na jina lake, swali limeandikwa kabisa "je, ni sahihi mhasibu huyu kupokea zawadi?", wote tunajibu hapana tunapata maksi zetu tunaenda kula. Kazini linakuja hivi: "dogo, nisainie hapa chapu, dereva anataka kuondoka." Basi, hakuna anayekushtua. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Rest, aliligawa jambo la kimaadili sehemu 4: kugundua kwamba hapa kuna kitu, kupima lipi ni sahihi, kuliweka hilo mbele ya maslahi mengine, alafu kuwa na ubavu wa kulitekeleza. Chuo kinakazania ile ya pili. Fildi inakubana kwenye ya kwanza na ya nne, na hapo ndo watu wanapopotelea.

Hiyo sahihi anayoisubiri dereva ngoja niieleze kwa sababu watu wanaidharau. Kabla msambazaji hajalipwa kuna karatasi tatu lazima zikubaliane: oda ya manunuzi, hati ya kupokelea mzigo na invoisi. Oda inaandikwa kabla mzigo haujaonekana, invoisi inaandikwa na anayedai hela, sasa ile ya kupokelea ndo pekee inayotoka upande wetu kwa mtu aliyeuona mzigo kwa macho, na ndo hiyohiyo anatupiwa intaini eti kazi ndogo. Stoo tulikuwa na mzee mmoja mkali, dereva apige honi asipige yeye anahesabu katoni, zikiwa pungufu anaandika pungufu kwenye nakala zote na dereva anasaini. Siku ya kwanza kanikabidhi peni akaniambia, "Mwanangu, andika ulichohesabu, usiandike ulichokikuta kimeandikwa." Somo la maadili lote nililopewa pale ndo hilo, mengine nilimwangalia tu anavyofanya.

Upande wa pili sasa, logibuku, lile daftari la kuandika kazi ulizofanya kila siku ya fildi. Tusidanganyane, wangapi wanaijaza kila siku? Nimeletewa madaftari yamejazwa wiki zote kwa usiku mmoja, wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka, mwanafunzi anataka nipige sahihi mfululizo. Yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba umejifunza kazi ndo ya kwanza kughushi, na msimamizi anakubali kwa kuwa naye alifanyiwa hivyo. Mi nilikuwa nawarudishia, wananinunia, sawa tu.

Na usifikiri vitu vikubwa vinaanza kivingine. Kesi ya WorldCom, kampuni ya simu iliyopika mahesabu, iliyolipuka Marekani mwaka 2002, kuna mhasibu wa ngazi ya kati anaitwa Betty Vinson, mabosi walimwambia aingize maingizo ya uongo kupunguza gharama za robo moja ya mwaka. Moyo ulimsuta, akafikiria hadi kuacha kazi, akaambiwa haitarudiwa. Ikarudiwa robo baada ya robo. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miezi 5. Huyu hakuwa jambazi jamani, alikuwa mfanyakazi mtiifu, na utii ndo sifa ya kwanza inayomfanya intaini apendwe.

Ila na ofisi nazo ziseme ukweli. Unamchukua kijana, humlipi hata nauli, unamshikisha fedha taslimu za matumizi madogo bila vocha (karatasi ya kuonyesha hela imetumikaje), alafu unamtega uone kama ni mwaminifu? Huo ni uzembe wa mwenye ofisi kabla haujawa udhaifu wa kijana.

Mkuu, mdogo wako mwambie hivi. Akipewa agizo ambalo tumbo linamkataza asibishane na asijifanye mpelelezi, aseme kwa heshima, "bosi, naomba unitumie kwa imeili nisije nikakosea." Maagizo mengi mabaya yanafia hapohapo. Likija kweli kwa imeili na bado ni baya, amfuate msimamizi wa chuo, ndo kazi yake hiyo. Paswedi ya mtu asiitumie hata kama kapewa na bosi mwenyewe, maana mfumo unaandika jina la mwenye akaunti na siku ya matatizo kila mtu atasema ni yule wa fildi. Na ripoti akiandika aeleze taratibu zilivyo, mishahara ya watu na majina ya wateja aviache hukohuko, siri ya ofisi haiishi siku anayorudisha kitambulisho.