Mfanyakazi alisaini mwongozo. Je, naweza kumkata mshahara?

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, Kigoma, lenye wafanyakazi tisa. Mwaka 2021 nilinunua mwongozo wa wafanyakazi kwa mtaalamu mmoja, na wote wakausaini. Kipengele kimoja kinasema mali ikipungua stoo, hasara itagawanywa kwa watunza stoo wote na kukatwa kwenye mishahara yao. Ilipopungua mifuko 14 ya saruji, niliwakata wote watatu nusu ya mshahara wa mwezi uliopita, na sasa mmoja anasema atanipeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Si alisaini mwenyewe? Na mwongozo huo niurekebisheje?

JIBU: Alisaini, ila saini yake haikupi haki ambayo sheria imekunyima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya kufidia hasara pale tu hasara hiyo ilipotokea mfanyakazi akiwa kazini na kwa kosa lake yeye, baada ya mwajiri kumweleza kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, na baada ya kumpa nafasi ya kutosha ya kupinga. Hata hapo, makato hayazidi robo ya ujira wake wa fedha: anayelipwa Sh 280,000 hukatwa Sh 70,000 kwa mwezi, nawe ungemkata Sh 140,000. Tena, unapoigawa hasara kwa watu watatu, unakiri kwamba hujui ni nani aliyekosa.

Miongozo ya namna hii naletewa kila mara, na nimechoka kuisoma. Wapo watu wanaozunguka na flashi yenye faili moja, wanabadilisha jina la biashara kwenye ukurasa wa kwanza, wanachapa, wanapiga muhuri na kumwambia mwenye duka kwamba sasa "amejikinga". Mmoja niliouona hapa Kigoma uliwapa wafanyakazi likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, ambacho ni kima cha sheria ya Kenya ya mwaka 2007, wakati yetu inataka siku 28 mfululizo. Na duka hilo la vyumba viwili lilikuwa na kanuni za matumizi ya lifti! Aliyeuza karatasi ile hataonekana mbele ya msuluhishi.

Wenye biashara wengi huuona mwongozo kuwa ngao ya mwajiri, na hapo ndipo wanapopotea. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinapopima kama mfanyakazi alifukuzwa kwa haki, zinauliza kama kanuni aliyoivunja ni ya busara, iko wazi, aliijua au alitarajiwa kuijua, na kama mwajiri huitumia kwa wote bila upendeleo. Kwa hiyo ukiandika kuwa mchelewaji hupewa onyo la maandishi, kisha mpwa wako akachelewa mwezi mzima bila kuguswa, karatasi yako mwenyewe ndiyo itakayotoa ushahidi dhidi yako. Hali kadhalika kile kipengele kipendwacho cha "asiyefika siku tatu amejifukuza kazi": hakuna ajira inayojifuta, na mtu huyo bado ana haki ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa taarifa isiyopungua saa 48.

Wewe anza kwa kuwarudishia watunza stoo fedha ulizowakata na kukifuta kipengele hicho. Kisha andika kurasa chache za Kiswahili zinazohusu duka lako: nani anashika funguo za stoo, mzigo unahesabiwa lini na mbele ya nani, kitabu cha kupokelea saruji kinasainiwa na nani. Mabadiliko yanayogusa masharti ya ajira, kama saa za kazi au ujira, hufanywa kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kumwekea karatasi mezani siku ya mshahara na kumwambia "saini hapa" si kushauriana. Fanya hayo wiki hii, kwa sababu mgogoro wa makato hupelekwa CMA ndani ya siku 60, na huyo aliyekutishia bado anazo nyingi.