Zege la Warumi: la kuiga na la kuwaachia wenyewe

Kila baada ya miezi kadhaa inasambaa video inayodai Warumi walikuwa na siri ya zege lisilozeeka, na kwamba siri hiyo ilipotea. Haikupotea. Vitruvius, aliyeandika vitabu 10 vya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliacha vipimo wazi: chokaa fungu 1 kwa mchanga wa shimoni mafungu 3; mchanga ukiwa wa mtoni au wa baharini, 1 kwa 2; na kwa ujenzi wa ndani ya bahari, chokaa fungu 1 kwa majivu ya volkano mafungu 2. Anayejenga au kukarabati leo ana mengi ya kuchukua humo, mradi ajue anachukua nini.

Majivu yale yalichimbwa Pozzuoli, karibu na Naples, na ndiko lilikotoka jina pozolana. Chokaa tupu huganda kwa kuvuta hewa ya ukaa, kuanzia nje kwenda ndani, taratibu mno, na ikiwa ndani ya maji haigandi kabisa. Ikichanganywa na majivu ya volkano inashikana nayo na kuwa jiwe, hata chini ya maji. Mfalme Herode alipojenga bandari ya Caesarea, majivu yalisafirishwa kwa meli kutoka Italia hadi Palestina. Na John Smeaton alipojenga mnara wa taa wa Eddystone huko Uingereza, uliokamilika 1759, aliagiza pozolana kutoka Italia akaichanganya na chokaa ya kwao. Kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza mwaka 1824.

Kwa hiyo urithi huo umo ndani ya mfuko wa kilo 50 unaoununua dukani, na unasomeka. Tafuta maandishi madogo. CEM I ni saruji ya Portland karibu tupu. CEM II/A-P ina pozolana ya asili asilimia 6 hadi 20, CEM II/B-P asilimia 21 hadi 35, na CEM IV/B asilimia 36 hadi 55 ya pozolana na vitu vya jamii yake. Herufi P ndiyo ya kutazama. Ukikuta L au LL, kilichoongezwa ni unga wa mawe ya chokaa, ambao haufanyi kazi ya pozolana. Halafu kuna namba ya nguvu: 32.5 inatosha kwa lipu, kujengea na sakafu nyepesi. Kwa nguzo, mihimili na slabu chukua 42.5.

Kosa kubwa linatokea baada ya kununua. Saruji yenye pozolana inatendewa kwa haraka ya CEM I. Pozolana husubiri: saruji inapoganda hutoa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo chakula cha pozolana, lakini maji lazima yawepo muda wote huo. Zege likiachwa likauke siku ya tatu, pozolana inabaki vumbi lililofungiwa ndani, na utaona uso wa sakafu ukichunika kwa ufagio. Funika kwa magunia mabichi au nailoni na umwagilie siku 10 hadi 14. Mirunda ya slabu usiing'oe kwa mazoea ya kazi iliyopita. Mhandisi akisema siku 21, ziache zifike 21.

(Tunasema simiti na tunasema saruji. Simiti imetoka kwa Warumi kupitia Kiingereza, ingawa kwao caementum yalikuwa mawe ya kujazia, wala haikuwa gundi yenyewe. Saruji imekuja kwa Kiarabu, na Oman hadi leo saruj ni udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, uliosakafia mifereji ya aflaj na ngome zao. Ni kanuni ileile ya pozolana, ila imetengenezwa tanurini badala ya kutoka kwenye volkano.)

Jambo la pili la kuiga ni uchache wa maji. Warumi hawakumimina zege kama uji. Walilaza tabaka la chokaa nzito, wakapanga mawe, wakashindilia, kisha tabaka jingine. Kwetu hesabu ni rahisi: mfuko 1 wa kilo 50, maji lita 25 na usizidishe. Saruji inahitaji kama robo tu ya uzito wake ili igande. Maji mengine ni ya kulainisha, na yakiondoka yanaacha vitundu ambamo chumvi na unyevu vitapita. Ile ndoo ya ziada anayoongeza kibarua "liteleze vizuri" ndiyo inayokula nguvu ya nguzo. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza maji. Zege likiwa gumu kufanyia kazi, tumia vaibreta au lishindilie kwa nondo.

Mchanga nao una vipimo vya miaka 2,000 vinavyofanya kazi mpaka leo bila maabara. Usugue kiganjani karibu na sikio: mchanga mzuri unakwaruza na kulia, wenye udongo uko kimya na unateleza. Kisha umwage juu ya kitambaa cheupe, ukung'ute. Kitambaa kikibaki na doa la udongo, tafuta mchanga mwingine au uuoshe. Mchanga wa baharini Vitruvius aliulalamikia kwamba unachelewa kukauka na chumvi yake hutoka nje na kubomoa lipu. Sisi tuna sababu nyingine kubwa zaidi: chumvi hiyo inakula nondo.

Na hapo kwenye nondo ndipo pa kuwaachia Warumi mambo yao. Kuba la Pantheon mjini Roma, lililokamilika takriban mwaka 126, lina upana wa mita 43.3 na halina chuma cha kulishikilia. Linasimama kwa sababu ya umbo na uzito: chini lina unene wa karibu mita 6, juu mita 1.2 hivi, na kokoto zake zinazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda mpaka juu kabisa kwenye mawe mepesi ya volkano, kuzunguka tundu la karibu mita 9. Sehemu kubwa yake inabanwa, na inayovutwa ni kidogo. Boriti iliyonyooka juu ya dirisha lako inavutwa upande wa chini, na zege la aina yoyote ni dhaifu likivutwa. Usimsikilize anayekwambia upunguze nondo "kama Warumi". Chuma kinapopata kutu hupanuka zaidi ya mara mbili na kupasua zege, kwa hiyo kinga ni kukifunika vizuri: milimita 25 za zege nje ya nondo kwa nguzo na boriti za kawaida, 40 hadi 50 kwa msingi au karibu na bahari. Weka vipande vya kuinulia nondo kabla ya kumwaga.

Tena si kweli kwamba vyao vyote vilidumu. Cicero, mwanasiasa wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo, alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba maduka yake mawili yameanguka na mengine yanapasuka, hata panya wamehama. Tunachokiona leo ni kile kilichosalia.

Mahali ambapo ujuzi ule unafaa karibu kama ulivyo ni kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa. Nyumba hizo zinaharibiwa na ukarabati wenyewe: lipu ya saruji inapigwa juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache ya masika lipu inadondoka na uso wa jiwe. Ondoa saruji yote kwanza, taratibu kwa patasi, si kwa nyundo kubwa.

Kisha changanya chokaa fungu 1, mchanga safi mafungu 2 na nusu, unga wa vigae au matofali ya kuchoma nusu fungu. Unga huo ndio pozolana yako. Warumi walitumia vyungu vilivyopondwa. Usage uwe laini kama unga wa sembe, na uepuke matofali yaliyoungua kupita kiasi hadi kung'aa, kwa kuwa hayashikani na chokaa.

Chokaa ya mfukoni ijaribu kwa tone la ndimu: ikitoa povu kwa nguvu imekwisha kurudi kuwa jiwe, usiitumie. Chokaa hai, yaani iliyotoka tanurini bila kutiwa maji, ukiizima mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwagie maji juu ya rundo. Vaa miwani, maana inachemka na kuruka. Iache shimoni miezi kadhaa. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anataja sheria ya zamani iliyokataza wakandarasi kutumia chokaa ya chini ya miaka 3. Ikate kwa jembe: vipande vigumu vikionekana haijaiva, ikinata kwenye jembe kama gundi iko tayari. Utafiti uliotoka 2023 ulionyesha kwamba vibonge vyeupe vya chokaa vilivyobaki kwenye zege la Kirumi, kwa kuwa chokaa hai ilichanganywa ikiwa bado inachemka, huyeyuka maji yakipita na kuziba nyufa za nusu milimita, lakini kuchanganya kwa moto namna hiyo kuache kwa wenye vifaa.

Lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi ya kazi. Piga matabaka ya milimita 8 hadi 10, yenye kivuli cha magunia mabichi. Tabaka linalofuata lisubiri mpaka kidole gumba kisiingie lakini ukucha bado uache mchoro.