Kabla ya kuchagua kozi ya wanyamapori

Kila msimu wa maombi ya vyuo, vijana wa hapa Dar es Salaam huniuliza kama kozi ya ikolojia (elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao) na usimamizi wa wanyamapori inafaa, na wengi huanza kwa kunieleza jinsi wanavyowapenda simba. Nami nilianza hivyo hivyo. Siku hizi huwauliza kwanza kama wako tayari kuhesabu.

Katika mafunzo yangu ya kwanza kwa vitendo, katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, nilihesabu swala pala nikiwa barabarani, nikawasilisha jumla yangu kwa fahari. Mhadhiri akauliza swali moja tu: "Na wale ambao hukuwaona?" Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoelewa kwamba mnyama aliye mbali, au aliyejificha kichakani, huonekana kwa shida, na kwamba kwa sababu hiyo mtafiti hupita kwenye mistari iliyopangwa mapema badala ya kufuata barabara, hupima umbali kutoka kwenye mstari hadi kwa kila kundi, kisha hutumia takwimu kukadiria idadi ya waliofichika.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine kule Morogoro na Mweka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, vyote hufundisha fani hii, lakini mazoezi unaweza kuyaanza leo. Nenda Feri, kwenye soko la samaki la Dar es Salaam, jioni ukahesabu kunguru weusi, ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Hesabu saa ile ile kwa mwezi mzima, ukiandika pia wingi wa mabaki ya samaki, nawe utaona jinsi idadi ya viumbe inavyofuata chakula.

Somo lililonigharimu zaidi ni lile linalohusu watu. Katika kijiji kinachopakana na hifadhi, mama mmoja alinionyesha mahindi yaliyoliwa na tembo usiku, akaniuliza kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, kitatoka lini. Nilijua jina la kisayansi la tembo. Utaratibu wa madai sikuujua, na aibu ile ninayo mpaka leo. Kwa hiyo, mdogo wangu, isome Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake kwa bidii ile ile unayoiweka kwenye ikolojia. Ukifika kijijini, anzia kwa mwenyekiti, kisha uwasikilize wakulima, na maneno yao uyaandike katika daftari lile lile unaloandikia wanyama.