Kuhusu sungura wa wanao na yale majani ya balkoni

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, na watoto wakipiga kelele huko nyuma lakini nadhani nimeelewa. Mmewanunulia wajukuu zangu sungura wawili, kwenye balkoni una makopo ya giligilani, nanaa, mrehani na rozimeri, jana jioni watoto wakampa yule mweupe fungu zima la nanaa na asubuhi mmekuta kinyesi laini kimegandia kwenye manyoya ya nyuma. Jirani anasema majani mabichi yenye maji yanaua sungura. Na wewe unauliza uache kabisa kuwapa viungo au uendelee. Usiache, punguza tu, ila kabla ya hayo kuna kitu cha kuangalia leo hii hii.

Anakula? Mwekee nyasi mbele yake umtazame. Kama anatafuna na anarukaruka kama kawaida basi tuna muda wa kuongea. Lakini ukimkuta amejikunja konani, hataki hata kile anachokipendaga, na masaa kumi kumi na mbili yamepita hajala wala hajatoa kinyesi, huyo usimsubirie jibu langu, mpeleke kwa daktari wa mifugo muda huo huo, maana tumbo la sungura likisimama linaua haraka na yeye hana uwezo wa kutapika kama paka au mbwa, kilichoingia kimeingia. Akiharisha majimaji kabisa ni hivyo hivyo, daktari. Alafu nakuomba sana usije ukampa amoksilini ya kumeza, najua iko kwenye droo na najua tunavyoipenda sisi watu, lakini kwa sungura inaua wale bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanashika nafasi, na anakufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

Sasa hicho mlichokiona huenda hata sio kuharisha. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Kuna zile punje kavu za mviringo mnazofagia kila siku, na kuna kile laini kinachong'aa, kimeshikana kama kishada cha zabibu ndogo, ambacho anakitoa mara nyingi usiku au alfajiri na anakila chenyewe palepale kikitoka. Waambie watoto wasishtuke wala wasimkataze, ndio anavyopata vitamini zake, chakula kinapita tumboni mara ya pili. Mkikikuta kimebaki au kimegandia mkiani maana yake mara nyingi ni kwamba ameshiba vitu laini vitamu na nyasi hakula za kutosha, kwa hiyo kile anakiacha. Kwa leo na kesho ondoa viungo vyote, ondoa na karoti na hizo pumba mnazomjazia, abaki na nyasi na maji tu. Manyoya ya nyuma yasafishe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na uyakaushe vizuri, huko Dar nzi hawachelewi kutaga hapo.

Na hapo ndipo ninapotaka unielewe, baba. Chakula cha sungura mkubwa ni nyasi kavu, ziwepo mchana na usiku bila kuisha. Meno yake hayaachi kuota mpaka anakufa na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi, na ndani ana mfuko mkubwa sana wa utumbo ambamo bakteria wanachachusha zile nyuzi za majani, sasa bakteria hao hawapendi surprise. Ukimpa kitu kipya kingi kwa mpigo wanavurugika, gesi inajaa, tumbo linauma, anaacha kula. Kwa hiyo shida haikuwa nanaa, shida ilikuwa fungu zima kwa mara ya kwanza.

Akishakaa sawa anza upya na kiungo kimoja. Kimoja tu. Mimi ningeanza na giligilani maana ni laini kwa tumbo na wengi wanaipenda, mpe kijiti kimoja na majani yake, subiri mpaka kesho yake au keshokutwa uangalie kinyesi, kikiwa kikavu cha mviringo ongeza kidogo, kisha ndio ujaribu mrehani, halafu nanaa. Rozimeri ina mafuta makali, hiyo kijitawi kidogo mara mojamoja inatosha na akikataa muache, sio lazima. Ukiwajaribishia vyote siku moja na mmoja akaumwa utajuaje ni kipi? Wakishazoea vyote hivyo ndio uwachanganyie, kwa sungura wa kilo mbili jumla ya majani mabichi ya siku nzima isizidi kikombe kimoja hadi viwili, na humo viungo vyenye harufu kali viwe vijiti vichache tu, vingine viwe majani ya kawaida. Kama hao wenu bado wadogo, chini ya miezi mitatu hivi, nenda taratibu zaidi, majani mabichi yasubiri.

Paseli ukiinunua, mara mbili kwa wiki imetosha. Ina kalsiamu nyingi, na mwili wa sungura unafyonza kalsiamu karibu yote inayokuja kisha unaitoa kwa mkojo, ikizidi mkojo unakuwa mzito kama umetiwa chokaa na unaweza kujenga mawe. Usiichanganye na mchicha siku moja. Ila mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu kidogo usikutie presha, rangi za majani zinafanya hivyo, mwenye shida ni yule anayejikamua na mkojo hautoki, au unaona damu yenyewe.

Kuhusu jirani. Maji juu ya jani hayaui sungura, umande anaukuta porini kila siku. Kinachomuua ni jani lililorundikwa kwenye mfuko wa plastiki mpaka likapata joto na kuanza kuchacha, au lenye ukungu, au lenye dawa. Na hilo la dawa nalisema kwa sababu nakaa Lushoto na naona kwa macho yangu vile mboga zinavyopuliziwa kabla hazijapakiwa kuja huko kwenu. Giligilani ya sokoni ioshe kwenye maji mengi zaidi ya mara moja, ikung'ute, iache ichuje, na hata hivyo mimi ningewapa ya kwako ya kwenye kopo ambayo unajua hujaipulizia kitu. Majani ya pembeni mwa barabara achana nayo, mbwa wanakojolea. Huyo huyo jirani asije akakwambia sungura anayekula majani mabichi hahitaji maji, huo uongo nimeusikia tangu nasoma. Maji yawepo saa zote, na joto la Dar ndio kabisa.

Vya kutogusa: kitunguu maji, kitunguu swaumu na majani yake yote, hata kama wewe unaona ni viungo tu vya jikoni. Majani ya mparachichi ni sumu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo usiwape, kisamvu kibichi usithubutu. Na wakitolewa nje wacheze muwe macho na zile lantana za uzio na mnyaa wenye utomvu mweupe. Mkitaka vya bure kuna kishona nguo kabla hakijatoa mbegu, matembele kidogo, na majani ya karoti yenyewe, maana karoti ile ya chini ni sukari, kipande kidogo kama zawadi basi, hizo katuni zimewadanganya watoto.

Nyasi usinunue za kukatwa na mashine ya bustani, zinachacha haraka mno. Tafuta wanaouza marobota kwa wenye ng'ombe wa maziwa, nusia, ziwe na harufu nzuri na zisiwe na vumbi jeusi. Nikipata mtu wa basi nitakutumia mabingobingo niliyokausha kivulini, lakini hiyo ni ya kuanzia tu usinitegemee.

Nitumie picha ya kinyesi cha kesho asubuhi, mkeo acheke tu. Na jani lolote usilolijua nipigie picha kwanza, jani zima na ua lake, sio ile picha yako ya gizani.

Mama yako