Noti za dharura za Ujerumani: ipi ya kweli?

SWALI: Mhariri, nimeanza kukusanya Notgeld, zile noti za dharura miji ya Ujerumani ilizitoa baada ya vita vya kwanza vya dunia. Nina ya pfennig 50 (pfennig ni kama senti, 100 zilifanya maki moja, hela ya Ujerumani enzi hizo) ina picha nzuri balaa, nyingine ya 1923 imeandikwa mamilioni ya maki, imeprintiwa upande mmoja tu. Hiyo ya pili si feki kweli?

JIBU: Wala usiogope ndugu yangu, upande mmoja ni kawaida kabisa kwa 1923, bei zilikuwa zinapaa kila siku na wachapaji walikuwa mbio mbio, nani angehangaika na mgongo wa noti? Hadi Novemba mwaka huo dola 1 ilifika maki trilioni 4.2, ndo ikaja Rentenmark, hela mpya ya kuchukua nafasi ya hiyo iliyoporomoka. Hiyo yenye picha inaonekana ni ya seti za 1920 hadi 1922, nyingi zilitengenezwa makusudi wauziwe wakusanyaji, miji ijipatie hela, kwa hiyo zimebaki kibao na bei yake si kubwa. Mimi nazipenda za mji wa Bielefeld, walichapa mpaka kwenye hariri! Halafu usizigundishe na selotepu, tafadhali.