Mwanangu, haya ndiyo ya kutuombea kabla ya mikutano

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kutuma salamu zake, na baba yako hatoki tena nje bila koti. Ujumbe wako niliusoma, nikaona jibu lake halitoshi kwa simu, ndiyo maana nakuandikia barua. Unasema kwamba kila mwaka ninapokaribia mikutano ya injili nawatumia ninyi watoto wangu neno lilelile, "tuombeeni", nawe ukipiga magoti unasema "Ee Mungu, bariki mikutano ya mama", kisha maneno yanakuishia. Unauliza pia kwa nini nakaa barabarani wiki nyingi kabla ya mkutano, ilhali mahubiri yenyewe ni ya siku chache. Kwangu maswali hayo mawili ni moja, kwa sababu mambo ya kuombea siyajui nikiwa nimeketi hapa nyumbani. Nayakuta kulekule ninakotangulia kwenda.

Kutangulia si mtindo tuliobuni sisi. Katika Luka sura ya 10, Bwana aliwatuma wale sabini, wawili wawili, wamtangulie katika kila mji aliokusudia kufika mwenyewe, na kabla hajawaambia waende aliwaambia kwanza wamwombe Bwana wa mavuno. Mimi nafuata utaratibu huohuo, ingawa nakwenda kwa Noah na bodaboda.

Mwaka huu tumeitwa sehemu tatu: Igurusi, Matamba, na mwisho Tunduma. Tumechagua miezi ya kiangazi kwa sababu unayoijua wewe uliyekulia huku, kwamba mvua zikianza Novemba hazituachi mpaka Aprili au Mei, na wakati huo huwezi kuita watu uwanjani wakati wamo shambani hadi magoti. Baada ya mavuno mpunga wa Usangu uko kwenye maghala, watu wana nafasi, na kwa mara ya kwanza katika mwaka wana fedha mkononi. Usidhani hiyo ni habari njema tupu, kwa maana fedha za mavuno huja pamoja na wadai, vilabu vya pombe, na ugomvi wa mume na mke juu ya gunia lililouzwa kwa siri, na ni watu wenye mambo hayo moyoni ndio watakaosimama mbele yetu.

Igurusi nilikwenda kuangalia uwanja. Tulichopewa ni kizuri na kiko karibu na barabara kuu, ila kimepakana na mashine ya kukoboa mpunga ambayo ikiwashwa huwezi kumsikia mtu aliyesimama ubavuni mwako. Nilikwenda kwa mwenye mashine, nikamkuta amejaa pumba hadi kwenye nyusi, nikamweleza kwamba tunahitaji kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Alisikiliza kwa heshima, akanionyesha foleni ya magunia ya wateja wake, akasema, "Mama Mwinjilisti, hawa nao ni watu wa Mungu." Sikuwa na la kumjibu. Hajakataa wala hajakubali, kwa hiyo jambo hilo liandike kwanza kwenye orodha yako. Usiombe mashine yake iharibike, kama alivyopendekeza kijana mmoja wa kwaya. Omba tupate mapatano yasiyomtia hasara.

Jambo la pili la Igurusi ni zito kuliko kelele. Injili haikufika nyanda hizi pamoja na spika zetu. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin waliingia upande wa Rungwe na Kyela mwaka 1891, na tangu hapo makanisa yameenea kila bonde. Wengi watakaokuja mbele wito ukitolewa ni watu waliobatizwa utotoni, wenye majina katika daftari la kanisa fulani, ambao hawajaonekana ibadani kwa miaka. Sasa swali linalowasumbua wachungaji, ingawa hakuna anayelitamka mpaka chai iishe, ni kwamba watu hao baada ya mkutano watakuwa wa nani. Kikao cha maandalizi kilikwama kwenye mstari mmoja wa kadi ya ufuatiliaji: je, tuandike "kanisa unalotoka" au "kanisa unalopenda kuhudhuria"? Mchungaji mwenyeji alitaka la pili, wenzake wakataka la kwanza, na mmoja wao akafunga Biblia yake na kuitia mkobani kabla hata sala ya kufunga haijaombwa. Mwishowe tuliafikiana kuchapa mistari yote miwili. Maoni yangu, ambayo sikuyaficha, ni kwamba aliyetubu arudishwe kwanza kwa watu wake wanaomjua, na kama huko hakuna atakayemtembelea, basi aachwe huru aende anakolishwa. Lakini karatasi haipatanishi mioyo, na nimeona mikutano mikubwa yenye umati ambayo miezi mitatu baadaye kadi zake zilikuwa bado zimefungwa mpira kwenye kabati la ofisi, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimtegea mwenzake. Ukiniuliza ni lipi moja uliombee kama una dakika chache tu, ni hili: wachungaji wa pale wapendane kiasi cha kugawana majina bila kuhesabiana. Na yule aliyefunga Biblia mwombee kwa namna ya pekee, maana ndiye mwenye washirika wanaojua kwenda nyumba kwa nyumba.

Kutoka Igurusi tutapanda Matamba kwa barabara ya Chimala, ile ya kona 57. Vyombo, jenereta na jukwaa vitapanda kwa Fuso, na dereva tuliyempata anaijua njia, lakini ukungu ukishuka asubuhi anayeijua na asiyeijua wanakuwa sawa. Hapo omba breki, omba subira, na omba vijana wa kwaya wasipande juu ya mzigo.

Matamba kwenyewe kuna baridi ambayo itatulazimu kufunga mkutano mapema, kabla wazee hawajaanza kujikunyata ndani ya mablanketi. Vijana wanaelewa Kiswahili vizuri sana, ila bibi zao husikia zaidi wakiambiwa kwa Kiwanji, kwa hiyo nitakuwa na mkalimani, mzee mmoja wa kanisa mwenye sauti nzito na kifua kinachomsumbua kila kiangazi. Tulifanya jaribio nyumbani kwake, mimi nikisema na yeye akifuata, tukiwa tumekaa karibu na moto huku mkewe akimenya viazi. Hatukufika mbali akaniambia, "Mama, usinipe sentensi ndefu, nikizifikia mwisho pumzi imekwisha." Tangu siku hiyo nayapunguza mahubiri yangu, nayakata vipande vinavyoweza kubebwa na pumzi ya mtu mwingine, na nakiri yamekuwa bora. Mwombee afya. Hatuna mwingine wa kushika nafasi yake.

Kuna jambo la Matamba ambalo nataka uliombee kwa uangalifu. Matamba iko wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, na katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 Njombe ndio uliokuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini cha watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, asilimia 12.7. Katika kila mkutano huku tunaombea wagonjwa, nami naamini Mungu anaponya, wewe mwenyewe unajua kwamba sijawahi kulisitasita hilo. Lakini wapo wahubiri waliowaacha watu wakidhani imani ni kutupa dawa, na waliofuatia kuzika si wahubiri hao. Kwa hiyo nitasema jukwaani, kabla ya kumwekea mtu mikono, kwamba anayetumia dawa za kufubaza virusi aendelee nazo, na kwamba akisikia amepona aende akapimwe na aache daktari ndiye amwambie. Wapo watakaosema mama huyu ana imani haba. Omba niseme bila kutetemeka, na omba nisiseme kwa ukali unaoweza kumwaibisha mtu aliyesimama mbele za majirani zake.

Tunduma sina mengi. Kule ni mpakani, malori ya Zambia na Kongo yanasubiri kukamilisha taratibu za forodha, na dereva anayesikia neno Jumanne wiki inayofuata yuko Lubumbashi. Ufuatiliaji wa kadi na mitaa haufanyi kazi kwa mtu wa namna hiyo, na bado hatujapata njia. Vibali vya ofisi ya kata na polisi tumekwisha viomba, tunasubiri majibu.

Juu yangu mimi, usiombe umati. Najua wengi huombea viwanja vijae, nami nikiona watu wengi moyo unafurahi kama wa mtu yeyote, ila uwanja uliojaa hujaza pia kichwa cha mhubiri. Mtume Paulo alipokuwa kifungoni aliwaomba Wakolosai wamwombee Mungu afungue mlango wa neno, na Waefeso akawaomba wamwombee apewe usemi na ujasiri, wala hakuanza na minyororo yake. Mwombee mama yako hivyohivyo. Sauti yangu hukauka siku ya tatu, goti la kushoto halipendi ngazi za jukwaa, lakini hayo yaweke nyuma ya lile la kinywa.

Umeuliza pia kuhusu mchango. Kamati ina upungufu wa dizeli ya jenereta, na ukiweza kutuma chochote mpe mhasibu wa kamati moja kwa moja, usipitishe kwangu, ili hesabu zikae mahali pamoja.

Tunafunga na kuomba kila Jumatano hadi mkutano wa Igurusi uanze, na jioni tunakutana kanisani. Ukiweza kufunga nasi hata nusu siku huko ulipo nitafurahi, ila kama kazi yako ni ya kusimama kutwa, kula, kisha uombe. Mwenye mashine ameahidi kunipa jibu wiki hii, nami nitakuarifu.

Wasalimie mkeo na wajukuu zangu. Mdogo mwambie soksi alizoniomba zimekwisha fumwa, nitazituma kwa basi.

Ni mimi mama yako